Aliyecheza Kifo Changu

Kwenye ule mkanda ninakufa vizuri sana. Nikiwa hai sijawahi kufanya jambo lolote vizuri namna ile. Naingia kwenye mchanga wa mto Simiyu, ambao mle ndani ya video ndio mto Limpopo, jembe begani, mkono wa kulia juu ya bega la mdogo wangu, na ngoma inapokata nashuka magotini polepole kama mtu anayeshushwa na watu wanaompenda. Mkono hauachii bega. Hata ninapolala kifudifudi, mkono bado uko pale. Kina mama wengi hulia wakifika hapo. Mama yangu alikuwa halii. Alikuwa anasogea mbele kwenye benchi, basi.

Tatizo ni kwamba yule siye mimi. Yule ni mtu wa Kimali, kule Meatu, mrefu, mfuga ng'ombe, ambaye siku hizo tulikuwa hatujaonana. Wakati ananicheza mimi nilikuwa hai, nakata majani ya tumbaku kwenye shamba la mzungu huko Zimbabwe.

Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo atakayekuta mahali nimepinda aninyooshee kimoyomoyo. Majina ya watu siyaandiki. Lakini waliotufikisha kule nawataja kwa kazi zao, na wakisoma watajijua.

Namtaja mnunuzi wa pamba. Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa, kila kitu ruksa, mitumba imejaa minadani na vibanda vya video vimeota Bariadi kama uyoga. Zamani pamba tulipeleka ghala la chama. Ukinyonywa, unanyonywa na mtu unayemjua. Huyu mpya alikuja na lori jekundu na maneno laini. Msimu wa kwanza alinunua hata ile chafu. Msimu wa pili akatuambia, "Limeni mpaka uani!" Tukaacha mtama, tukalima pamba mpaka uani. Msimu wa tatu lori halikuja. Pamba ikakaa ndani ya nyumba, tukailalia, panya wakazalia humo, mvua ikapenya kwenye paa ikaigeuza rangi ya chai. Namtaja na mwenyekiti wa chama cha ushirika. Tulipomkimbilia tulikuta ghala letu kampangisha mtu wa mitumba, na yeye mwenyewe kavaa koti zuri la kutoka kwenye marobota yale yale. "Vijana, siku hizi kila mtu ajitegemee," alisema. Watano tukajitegemea. Tukaondoka kwenda Sauzi.

Wote watano tulitoka kwenye mstari mmoja wa ngoma. Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Sisi tulikuwa wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Asiyeijua, ni hivi: watu wanasimama mstari mmoja shambani, ngoma inapigwa, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na shamba la mtu linakwisha kabla hajamaliza kupika. Siku za sherehe hakuna kulima, yanarushwa majembe hewani tu na watu wanashangilia. Kwenye mstari kila mtu ana nafasi yake, na anayekupa ni manju. Manju ndiye kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, na wa kwetu alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza ambaye hakuna aliyethubutu kumbishia. Mimi manju aliniweka nyuma ya mdogo wangu. Sababu aliisema mbele ya watu wote: "Mguu wako wa kushoto unachelewa. Kaa hapo uibe mguu wa mwenzio."

Mdogo wangu! Niliyembeba mgongoni! Yeye alizaliwa mguu unajua. Alikuwa akitembea tu kwenda kisimani, watoto wa jirani wanampigia makofi. Mama akituangalia tukicheza alikuwa anafuata miguu yake yeye, mimi ananiona mwishoni, kama mtu anayehakikisha kwamba mbuzi wote wamerudi. Nilianza kumwonea wivu kabla hajaota meno, na sikuacha. Yeye alikuwa hajui. Ananiambia, "Kaka, leo umechelewa kidogo tu," akidhani ananisifu.

Sasa mto Limpopo, mpaka wa kuingilia Sauzi. Nitausema kwa kifupi maana nimeusema mara nyingi vibaya.

Mpitishaji alikuwa kijana wa huko huko mpakani, Kiswahili chake cha kuokoteza. Namtaja na yeye, kwa sababu alijua mvua imenyesha huko juu na alitaka kumaliza kazi yake mapema. Asubuhi, jua limeshatoka, akatuonyesha mahali pa kuvukia. Akasema kila mtu apite peke yake, atafute jiwe lake kwa mguu, asimshike mwenzake. Akaingia, akavuka, hakugeuka.

Sisi tulimwona hajui kitu. Watu watano tuliozoea kukanyaga pamoja tangu utoto, tuvuke kila mtu kivyake kama kuku? Tukapanga mstari. Mkono wa kulia kwenye bega la aliye mbele, kama tunavyoingia uwanjani. Mdogo wangu akaanza kuhesabu mguu kwa wimbo. Mimi nikasema leo nakaa mbele yake, mimi ndiye mkubwa.

Wakacheka. Pale, kwenye mto wenye mamba, walicheka.

"Ngosha, hapa si mahali pa kujifunza," mmoja akaniambia; ngosha kwetu ni mwanamume. "Kaa nyuma ya mwalimu wako."

Na yeye mwenyewe akageuka akatabasamu, akasema, "Njoo tu, kaka. Shika bega."

Nikashika kwa vidole viwili. Maji yalipofika kiunoni nikaona hata hivyo viwili ni vingi. Nikautoa mkono. Sikuwa nimeona hatari yoyote, nilikuwa nimenuna. Nikatafuta jiwe langu kwa mguu wangu unaochelewa. Hatua chache mbele, wa kwanza akakosa jiwe, na kwa kuwa walikuwa wamekanyaga pamoja na kushikana sawasawa, wakaenda wote. Mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kwenda. Kabla hajaenda alipeleka mkono begani kwake, akapapasa, akapapasa tena. Alikuwa anautafuta wangu.

Nilirudi ukingoni, upande wa Zimbabwe. Askari wa upande ule wakanikamata, nikakaa ndani, nikatoka, nikaangukia kwenye tumbaku. Nyumbani sikuandika. Ningeandika nini, na kwa mkono upi?

Habari zilifika bila mimi. Zilisema watano wamechukuliwa na maji. Matanga yakakaliwa, mama akanyoa nywele, na kwa kuwa hapakuwa na mwili hata mmoja wa kuzika, manju akasema atatengeneza ngoma ya wale ambao hawana kaburi. Halafu akasema jambo ambalo mzee wa rika lake usingelitegemea: ngoma hiyo ichukuliwe video. Kule Kalemela, kando ya ziwa, kulikuwa na familia zilizopoteza vijana kwa njia hiyo hiyo, na Meatu pia. "Kaburi hatuwezi kulibeba kuwapelekea," alisema, "mkanda tunaubeba." Akamwita mpiga video wa Bariadi mjini, yule aliyezoea kuchukua harusi, na ndiyo maana kwenye mkanda wetu, kabla watu hawajaanza kufa, yanatokea maua mekundu na mioyo miwili inazunguka. Alishindwa kuitoa.

Waliotucheza walitoka vijiji tofauti. Aliyemcheza mdogo wangu alikuwa mpwa wa manju. Mimi nikachezwa na wa Kimali.

Nilirudi mwaka wa tatu, asubuhi, kwa mguu kutoka njia ya magari. Mtu wa kwanza niliyemkuta nyumbani kwetu ndiye huyo. Alikuwa anapanga miiba kwenye zizi la mama yangu kama zizi la kwao.

"Mwangaluka, ngosha," akanisalimia. "Unamtafuta nani?"

"Natafuta kwetu."

Hakunitazama usoni. Alinitazama miguu. "Hebu tembea," akasema. Nikatembea, sijui kwa nini nilimtii. Akaziachia zile fimbo za miiba zikaanguka. "Wa kushoto unachelewa," akasema taratibu. "Ni wewe."

Mama alikuwa amemfundisha. Jioni nyingi alimwonyesha ninavyotembea, ninavyoinama, ninavyokaa. Mtu yule alinijua kuliko mnyapara aliyenipanga kazi miaka miwili.

Baba mdogo aliitwa akaja mbio. Akasema mtu ambaye amekwisha kuliliwa hawezi kuingia kwa mlango wa watu, nipitishwe zizini, kwenye njia ya ng'ombe, nizaliwe upya nyumbani. Nikapita kwenye mavi nikiwa na viatu vya Zimbabwe. Upande wa pili mama amesimama. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Ng'wanawane," mwanangu. Akalia. Nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu nazaliwa, mama anililie mimi. Halafu akanyanyua macho, akatazama nyuma yangu, kule zizini. Akatazama muda mrefu.

"Niko peke yangu, mayu," nikamwambia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mama alinipeleka kwenye kibanda cha video. Siku nyingine walionyesha karate, Jumapili mchana ulikuwa mkanda wetu. Jenereta inanguruma nje, ndani joto na harufu ya watu waliovaa nguo za kanisani. Ndipo nikajiona. Nawaambia ukweli, nilichukia. Ule uchelewaji wa mguu wangu, ulionitesa maisha yote, yule mtu aliufanya pambo. Mguu wake wa kushoto ulibaki nyuma kidogo, kama unawaza, kisha ukaja, na kibanda kizima kikaguna. Na ule mkono. Sijui waliutoa wapi ule mkono.

Watu walikuwa wananitazama mimi, wanatazama runinga, wananitazama mimi.

"Ngosha," mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "ulivyokuwa marehemu ulikuwa unacheza vizuri zaidi!"

Wakacheka. Hata mama alicheka kidogo, kiganja kikiwa mdomoni.

Basi nikaanza kumhesabia makosa mtu wa Kimali. Amehamishia ng'ombe wake karibu na kwetu, analeta maziwa kwa mama. Anamwita mayu. Anapewa michembe ya viazi vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, ambayo mdogo wangu alikuwa anaipenda. Na kubwa kuliko yote, anacheza kwenye mstari wetu, kwenye nafasi yangu, nafasi niliyoichukia miaka yote na sasa naitaka kuliko chakula. Nikaenda kwa manju.

"Mzee, nimerudi. Nataka nafasi yangu."

"Nafasi ipi?"

"Nyuma ya mdogo wangu."

"Mdogo wako hayupo," akasema. "Nyuma ya mtu ambaye hayupo anakaa nani? Wewe unakula ugali, ngosha. Pale wanakaa wenzako ambao hawali."

Ningeshindwa hapo hapo, isipokuwa malalamiko yalitoka upande mwingine. Mjane wa yule wa kwanza kwenye mstari alikuja kusema hataki tena mkanda ule uonyeshwe. Mume wake hawezi kuombewa pamoja na mtu ambaye jana amemwona gulioni akichagua nyanya. Wa Kalemela nao wakatuma neno: ama mumtoe aliye hai, ama mrudie. Manju akaona hana njia. Mkanda utarudiwa. Na kwa kuwa mwenyewe nipo, nitajicheza mwenyewe, nionyeshe ilivyokuwa. Ngoma itakwisha kwa mimi kushuka na wenzangu, kisha kuinuka peke yangu na kuwaacha wao. Nikifanya vizuri, nafasi yangu narudishiwa.

Sikulala kwa furaha. Niliona picha nzima: mama kwenye benchi, anasogea mbele, na anayemsogelea ni mimi.

Wakampa kazi ya kunifundisha, nani? Yule yule. Siku nne tulikuwa nyuma ya ua wa minyaa nyumbani kwa manju, mtu wa Kimali ananifundisha kifo changu.

"Goti lishuke kwanza la kulia. Hapana. Usianguke kama gunia, unashushwa. Haya, mkono. Mkono uweke hivi, kiganja kizima, si vidole."

"Najua."

"Hujui. Unaweka vidole viwili."

Nikamwuliza, kwa ukali, nani alimwambia habari ya mkono, maana mtoni hawakuwepo. Aliona aibu kidogo. Akasema manju alitaka mikono iwe juu, yote, kama watu wanaoomba msaada. Mama yangu ndiye aliyekataa. Alisimama mbele ya kamera ya watu akasema wengine wafanye watakavyo, lakini wa mwisho mkono wake ubaki begani. Kaka yake hawezi kumwachia. "Alisema hivyo," akaniambia, "na mimi nikaushikilia mpaka kiganja kikafa ganzi." Halafu akaniuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza habari ya kazi: "Na kweli ulimshika hivi?"

Nikamwambia turudie kuanzia goti.

Siku yenyewe tulishuka mtoni wakati mchanga haujapata moto. Mpiga video alikuwa na mwavuli wa kuifunika kamera na alikuwa anapiga kelele kila mara, "Wazee, betri! Wazee, betri yangu!" Familia zimekaa ukingoni. Mama kavaa kitenge chake cha Krismasi. Tukapanga mstari. Mbele yangu bega la mpwa wa manju, limepakwa mafuta, linang'aa. Mtu wa Kimali alikuwa kando, mikono mgongoni, midomo inacheza, ananihesabia mguu.

Ngoma ikaanza. Mkono nikauweka kiganja kizima. Miguu ilikwenda, nakwambia, hata wa kushoto ulikwenda. Nikasikia watu wanaguna kama walivyomgunia yeye. Tukafika kwenye ule mstari uliochorwa kwa fimbo kwamba hapa ndipo maji. Mpwa wa manju, sijui nani alimtuma, labda jasho lilimwasha, akapeleka mkono begani kwake. Akaugusa wangu. Akaona upo, akarudisha mkono wake, akaendelea kucheza.

Nikasimama. Nikatoka kwenye mstari.

"Betri!" mpiga video akalia.

"Wewe!" manju akaniita. "Umepatwa na nini?"

Nikamwendea mtu wa Kimali, nikampa jembe. "Cheza wewe," nikamwambia. Akanitazama miguu kwanza, kama kawaida yake. Halafu usoni.

Nikapanda ukingoni, nikakaa chini karibu na mama. Sikujua nitaanzaje, nikaanza na ninachokijua. Nikamwambia yule mnunuzi wa lori jekundu ndiye aliyetuua. Na mwenyekiti na koti lake. Na yule mpitishaji ambaye hakugeuka.

"Hao umeshawataja," mama akasema. Macho yake yako mtoni. "Kila siku unawataja, mpaka mbuzi wanawajua. Kwa nini umetoka pale?"

"Mimi sikumshika, mayu."

Akavuta pindo la kitenge likafunika miguu.

"Niliutoa mkono. Nilikuwa nimenuna kwa sababu walinicheka. Yeye akautafuta."

Sijui nilitegemea nini. Anipige, labda. Nilikuwa tayari anipige, lingekuwa jambo letu wawili. Alibaki anatazama chini, pale manju alipokuwa anabishana na mjane na watu wa Kalemela kwamba sasa itakuwaje. Yule wa nyuma awe nani kama mwenyewe yuko hai amekaa pale? Mjane akasema basi watolewe wote wawili, aliye hai na nafasi yake, wabaki wanne.

Mama akasimama. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, lakini siku ile wote walimsikia.

"Abaki," akasema. "Mkono ubaki."

"Ni nani sasa, mayu?" manju akamwuliza. "Tuseme ni nani?"

"Ni kaka yake," akasema mama. "Mwacheni amshike. Angalau mmoja wao amshike."

Akakaa tena pale pale alipokuwa, karibu na mimi, si karibu zaidi wala si mbali zaidi. Ngoma ikaanza upya. Mtu wa Kimali akaingia na mguu wake wa kushoto, ule wangu, akauacha nyuma, akauleta, akaweka kiganja kizima. Mama akasogea mbele.

Mkanda huo wa pili ndio unaoonyeshwa mpaka leo, siku hizi uko kwenye simu za vijana, na maua mekundu bado yapo. Ukiangalia pembeni, kabla hawajafika kwenye mstari wa maji, kuna watu wawili wamekaa ukingoni. Mmoja ni mama, amekwisha kufariki. Wa pili ni mimi, na mikono nimeikalia. Yule wa Kimali siku ya kumzika mama alibeba jeneza mbele upande wa kulia, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Namwonea wivu mpaka kesho. Tukikutana gulioni ananisalimia vizuri, anauliza habari za nyumbani, na kabla hajaondoka lazima anitazame mguu.